Je, Yote Yamekwisha Kutimia?

Maneno ya katekista mmoja mbele ya waalimu na Wakristo waliokusanyika siku ya Jubili ya Dayosisi



Nimeagizwa kusema juu ya jambo moja lililoleta maneno mengi katika mitaa yetu. Ni hili: Je, yale aliyoyatabiri Bwana wetu juu ya siku za mwisho yamekwisha kutimia zamani, au twayangoja bado? Wako wasemao ya kuwa yote yalitimia mji wa Yerusalemu ulipobomolewa, mwaka wa 70 baada ya kuzaliwa Kristo. Wako wengine wasemao ya kuwa hata neno moja halijatimia, nao huhesabu vita na matetemeko kila waamkapo. Na sisi tulio wengi twasimama katikati, hatujui la kumjibu huyu wala yule.

Kabla sijafundisha, sina budi kuungama. Mwanzoni mwa mwaka 2020 nzige walikuwa wameshuka katika nchi ya Kenya, na habari za korona zilikuwa zikianza kusikiwa redioni. Mimi, katika darasa la wakatekumeni na katika mahubiri ya jioni, nalisoma sura ya ishirini na nne ya Injili ya Mathayo, nikahesabu kwa vidole: njaa hii hapa, tauni hii hapa, vita navyo viko. Nikasema ya kuwa sidhani kama dunia itafika mavuno mengine. Sikusema kwa hila. Nalikuwa naogopa mwenyewe. Tena nalipenda kuona watu wamenyamaza wakinisikiliza. Jambo hili la pili ndilo baya zaidi, na ninyi waalimu mwanielewa.

Katika darasa lile alikuwamo mama mmoja mjane. Mvua za masika zikaja, njema kabisa. Jirani zake wakapanda, yeye hakupanda. Mbegu alizozihifadhi juu ya meko alizishusha akawapikia wanawe, na jembe lake akampa mtu bila kulidai tena. Mwezi wa Agosti, watu wakivuna, akaja nyumbani kwangu na kikapu kitupu. Hakunitukana wala hakulia. Alisema tu, "Mwalimu, ulisema hatutafika mavuno. Tumefika. Sasa watoto wangu wale nini?" Mke wangu akakijaza kikapu kile, na kila juma tukakijaza tena hata mavuno yaliyofuata. Lakini swali lake halikujazwa kwa mahindi. Mama huyu yupo hapa leo, naye amenipa ruhusa niyaseme haya.

Baada ya miaka miwili mwalimu mmoja kijana alirudi kutoka mjini, amesoma vitabu vingi, naye akafundisha kinyume changu. Alisema ya kuwa Bwana alikwisha kuja, katika hukumu ya Yerusalemu. Ya kuwa ufufuo nao ulipita, kwa jinsi ya roho. Na ya kuwa hapana siku nyingine ya kungojwa. Kwanza nalifurahi, maana fundisho hilo lilinifuta aibu. Kisha tukamzika mtoto wa miaka minne. Pale kaburini mama wa mtoto alimwuliza yule kijana, "Nitamwona tena lini?" Kijana, ambaye si mtu mbaya wala si mwongo, akatafuta neno asilipate. Mama akajifunika uso kwa kanga yake, na watu wakasimama kimya mpaka mzee mmoja alipoanza wimbo. Nikarudi nyumbani nikijua ya kuwa fundisho langu liliwanyima watu chakula, na fundisho lake lingewanyima tumaini. Tangu siku ile nimelichunguza jambo hili, na matunda ya kuchunguza kwangu ndiyo ninayowaletea leo.

Kwanza, tuwape haki yao wale wasemao ya kuwa yametimia. Si haki kumshinda mtu ambaye hukumsikiliza.

Wao husema hivi. Bwana wetu, alipotoka hekaluni, aliwaambia wanafunzi wake ya kuwa mawe yale makubwa yataangushwa yote. Kisha akaketi juu ya mlima wa Mizeituni, akilitazama hekalu, akawaambia ya kuwa kizazi kile hakitapita kabla hayo hayajatokea. Wako waalimu waliojaribu kulipindua neno hili kizazi, wakisema maana yake ni taifa la Wayahudi, au watu watakaokuwapo siku za mwisho. Lakini someni Injili hiyo ya Mathayo, sura ya kumi na moja, na ya kumi na mbili, na ya ishirini na tatu. Kila mahali Bwana atajapo kizazi hiki, asema juu ya watu waliokuwa hai mbele yake. Hapana sababu ya kuligeuza neno lilo hilo katika sura ya ishirini na nne kwa kuwa tu latutia shida. Tena wao hutukumbusha ya kuwa Yakobo, na Petro, na kitabu cha Ufunuo chenyewe, wote wasema ya kuwa mambo hayo yako karibu. Je, karibu maana yake ni miaka elfu mbili?

Basi tuangalie yaliyotokea. Bwana alisema maneno yale yapata mwaka wa 30. Mwaka wa 66 Wayahudi waliasi juu ya Warumi. Cestius Gallus, liwali wa Shamu, akapanda na askari wake mpaka Yerusalemu, kisha akarudi nyuma ghafula, akapigwa njiani. Luka aandika ya kuwa Bwana aliwaonya watu wake: wauonapo mji umezungukwa na majeshi, wakimbilie milimani. Na Eusebio, askofu wa Kaisaria, aliyeandika katika karne ya nne, asimulia ya kuwa Wakristo wa Yerusalemu walitoka mjini kabla ya vita, wakahamia Pela, ng'ambo ya Yordani.

Mwaka wa 67 Vespasiano aliitiisha Galilaya. Mwaka wa 68 Kaisari Nero akafa, na katika mwaka wa 69 makaisari wanne walifuatana. Mmoja wao ndiye Vespasiano, naye akamwachia mwanawe Tito kazi ya kuuteka mji. Tito akaja karibu na siku za Pasaka ya mwaka wa 70, na majeshi manne makubwa ya Rumi. Habari zake twazipata kwa Josephus, kuhani Myahudi aliyepigana na Warumi huko Galilaya, akatekwa, naye alikuwa pamoja na Tito wakati mji ulipozingirwa. Aeleza ya kuwa ndani ya mji Wayahudi walikuwa wamegawanyika vikosi vitatu, wakipigana wao kwa wao, hata wakazichoma ghala za nafaka ambazo zingewalisha muda mrefu. Njaa ikawa kali mno. Mwezi wa Agosti hekalu likaungua, na mwezi wa Septemba mji wote ukatekwa. Josephus asema ya kuwa waliokufa ni watu milioni moja na laki moja. Wataalamu wengi waona hesabu hiyo imezidi, lakini hapana ashukuye ya kuwa ilikuwa msiba mkubwa. Huko Rumi liko hata leo tao la mawe lililojengwa kwa sifa za Tito, nalo limechongwa sura ya askari wakichukua kinara cha taa saba cha hekalu.

Mtu aweza kuuliza, Mbona uko ukuta Yerusalemu ambapo Wayahudi husali hata leo? Jibu ni rahisi. Ukuta ule si wa hekalu lenyewe. Ni wa boma lililoshika udongo wa ua wake. Nyumba yenyewe haikusalia. Na chini ya boma lile, katika njia ya zamani, wachimbaji wamefukua mawe makubwa mno, yamelala palepale yalipoangushwa na Warumi.

Hapo ndugu zetu wana nguvu, nami sioni haya kukubali. Neno la Bwana juu ya hekalu lilitimia kabla ya kizazi kile kupita. Mkristo asiyejua habari za mwaka wa 70 huisoma sura ile kama mtu asomaye barua ya jirani akidhani imeandikiwa yeye.

Lakini wengine huuliza, Je, jua lilitiwa giza mwaka ule? Je, nyota zilianguka? Hapa nao wana jibu, nasi tulipime. Nabii Isaya, alipotabiri kuanguka kwa Babeli, alisema ya kuwa jua na mwezi na nyota havitatoa nuru. Alipotabiri juu ya Misri, alisema ya kuwa Bwana aja amepanda juu ya wingu. Babeli ilianguka, na Misri ilipigwa, wala jua halikuzimika. Ndiyo lugha ya manabii: ufalme ukianguka, kwa watu wake ni kama mbingu imeanguka. Nasi twajua namna hii ya kusema. Mzee wa nyumba akifa, husema jua limetuchwea, wala hapana mtoto atokaye nje kulitazama jua. Na Petro, siku ya Pentekoste, alisema ya kuwa unabii wa Yoeli ulikuwa unatimia mbele ya macho yao, na unabii ule wataja jua kuwa giza na mwezi kuwa damu.

Basi wakiwa na haki katika hayo, kwa nini nisifuate njia yao mpaka mwisho? Kwa sababu kuna njia mbili hapa, nazo zaanzia mahali pamoja. Wako wasemao ya kuwa mengi ya sura ile yalitimia mwaka wa 70, lakini kuja kwa Bwana kwa utukufu na kufufuka kwa wafu bado. Na wako wasemao ya kuwa yote yalitimia, hata ufufuo.

Njia ya kwanza ni ya zamani, nayo imetembewa na Wakristo wengi waaminifu. Katika karne ya kumi na sita na ya kumi na saba, Wajesuiti wawili wa Hispania walikisoma kitabu cha Ufunuo kwa namna mbili zisizopatana. Francisco Ribera, aliyekufa mwaka 1591, aliona ya kuwa sehemu yake kubwa yahusu siku za mwisho kabisa. Luis de Alcázar, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1614, aliona ya kuwa sehemu kubwa ilitimia katika shida za Kanisa la kwanza, mbele ya Wayahudi na mbele ya Rumi ya kipagani. Wote wawili walikuwa wana wa Kanisa moja, wa shirika moja, wala hapana aliyemtoa mwenzake katika imani. Nao Waprotestanti wengi wa siku zile walifuata njia ya tatu, wakauona Ufunuo kuwa ni habari za karne zote mfululizo. Mwaka 1878 mchungaji mmoja aliyezaliwa Uskoti, James Stuart Russell, alitoa kitabu kikubwa cha kuonyesha ya kuwa hata kuja kwa Bwana kulitimia mwaka wa 70, na wale wasemao yote yamekwisha hupenda kumtaja. Twaona basi ya kuwa mabishano haya hayakuzaliwa jana, wala hayakuzaliwa katika mitaa yetu.

Hata juu ya wakati wa kuandikwa Ufunuo watu hawapatani. Ireneo, askofu wa Lyon, yapata mwaka 180, aliandika ya kuwa Yohana aliyaona maono yake karibu na mwisho wa enzi ya Domitiano, aliyekufa mwaka wa 96. Ikiwa ni hivyo, kitabu kiliandikwa baada ya hekalu kuanguka, wala hakiwezi kulitabiri anguko hilo. Wengine husema kiliandikwa siku za Nero. Nao huonyesha ya kuwa jina la Kaisari Nero, likiandikwa kwa herufi za Kiebrania, ambazo kila moja ina hesabu yake, lafanya mia sita sitini na sita. Nakala nyingine za kale zina mia sita kumi na sita, na jina hilo likiandikwa kwa namna ya Kilatini lafanya hesabu hiyo pia. Ni hoja nzuri, wala si ya kuchekwa. Lakini nyumba ya imani haijengwi juu ya hesabu ambayo waliomtangulia Ireneo na waliomfuata hawakukubaliana juu yake.

Sasa nieleze kwa nini naikataa njia ya pili, ile isemayo hapana lililobaki. Nina sababu nne.

Sababu ya kwanza ni Meza ya Bwana. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho ya kuwa kila waulapo mkate huu na kukinywea kikombe, waitangaza mauti ya Bwana mpaka ajapo. Ikiwa alikwisha kuja mwaka wa 70, basi tangu mwaka ule altare zote zingalivunjwa, na Misa ya leo asubuhi, ambayo ninyi wengine mlitembea usiku kucha ili mwifikie, haina maana. Lakini Kanisa halikuacha kuumega mkate, hata mara moja.

Sababu ya pili ni wale walioishi baada ya mwaka wa 70. Justino, aliyeuawa Rumi kwa ajili ya imani yapata mwaka 165, alizaliwa katika nchi ya Samaria, si mbali na Yerusalemu. Alijua sana ya kuwa hekalu limeanguka, hata alilitaja katika mabishano yake na Wayahudi. Na bado alimngoja Bwana aje kwa utukufu. Ireneo vivyo hivyo. Kama Bwana angalikwisha kuja, na wafu wamefufuka, ni ajabu ya kuwa wajukuu wa mitume hawakuambiwa. Na Imani ya Nikea, tuiimbayo kila Jumapili, yaungama ya kuwa atakuja tena kuwahukumu walio hai na wafu. Yasema atakuja.

Sababu ya tatu ni ya kuwa kosa hili liliwahi kuonywa na mtume mwenyewe. Katika waraka wa pili kwa Timotheo wametajwa watu wawili, Himenayo na Fileto, waliosema ya kuwa ufufuo umekwisha kuwapo, nao wakaipindua imani ya watu kadha wa kadha. Mtajibiwa ya kuwa walikosa kwa kuwa waliusema kabla ya wakati wake. Lakini Paulo hakuwakosoa juu ya tarehe. Alihuzunika kwa kuwa watu walipotezwa. Nami nimeuona upotevu ule kwa macho yangu, penye kaburi dogo la miaka minne.

Sababu ya nne ni mauti. Katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya kumi na tano, mtume asema ya kuwa adui wa mwisho atakayeangamizwa ni mauti. Ndugu zangu, nendeni nyuma ya kanisa hili mkayatazame makaburi. Je, adui huyu amekwisha kuangamizwa? Akisema mtu ya kuwa yote yametimia, na ayatazame makaburi kwanza, kisha aseme tena.

Nimesema na walio upande mmoja. Sasa niugeukie upande wangu wa zamani, upande wa wapiga hesabu, maana huko hatari imemwaga damu. Huko Marekani William Miller aliwafundisha watu wengi, na mwishoni wakaitaja siku yenyewe, tarehe 22 Oktoba 1844. Siku ikaja, ikapita, na wengine walikuwa wameacha mazao yao shambani. Katika nchi ya Nyasa, ambayo sasa ni Malawi, mwaka 1908 na 1909 Elliot Kamwana alihubiri kando ya ziwa ya kuwa mwaka 1914 utaleta mwisho wa enzi hii, na maelfu wakabatizwa naye. Mwaka 1914 ukaleta vita ya Wazungu, na wapagazi wetu wengi wakafa njiani, lakini ufalme wa mbinguni haukushuka kwa hesabu ile. Na katika siku zetu wenyewe, huko Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, watu mamia walioahidiwa mwisho wa dunia waliteketea ndani ya nyumba ya sala. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, nyuma ya Malindi, walifukuliwa maiti zaidi ya mia nne, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa, nao watoto wamo. Nalipozisikia habari hizo nalikumbuka kikapu kitupu. Mimi na watu wale tulianza njia moja. Tofauti ni ya kuwa mimi nalisimamishwa mapema na mama mjane.

Bwana mwenyewe alisema ya kuwa siku ile na saa ile hapana aijuaye ila Baba. Mwalimu atajaye tarehe ajifanya ana elimu ambayo malaika hawakupewa.

Basi tushike nini? Angalieni tena jinsi wanafunzi walivyouliza. Katika Mathayo swali lao lina sehemu mbili: mambo ya hekalu yatakuwa lini, na ni nini dalili ya kuja kwake na ya mwisho wa dunia. Wao walidhani ni jambo moja, maana hawakuweza kufikiri ya kuwa hekalu litaanguka na dunia iendelee. Bwana aliwajibu yote mawili, na katika jibu lake yakaribiana sana. Waliosafiri baharini kutoka Unguja kwenda Tanga wajua ya kuwa milima ya Usambara, ikionekana kwa mbali, ni kama ukuta mmoja. Mtu akifika na kuupanda ule wa mbele, aona ya kuwa nyuma yake kuna bonde, lina mito na vijiji na mashamba, na mlima mwingine uko ng'ambo yake. Mlima wa mbele ni mwaka wa 70. Kanisa limekwisha kuupita. Sisi tumo bondeni. Mlima wa pili upo, lakini upana wa bonde hatukuambiwa.

Nina mfano mwingine, wa nchi yetu hii. Huko Unguja, mwezi wa Juni 1873, soko la watumwa lilifungwa. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule jiwe la msingi la Kanisa Kuu liliwekwa mahali pale pale, na Askofu Steere akalisimamia jengo lile mpaka likasimama. Kwa mtumwa aliyewahi kupangwa safu katika soko lile, je, haikuwa siku ya hukumu ya Mungu? Ilikuwa. Ulimwengu mmoja ulianguka. Lakini soko lilifungwa, na watumwa walikuwa bado mashambani na majumbani. Sheria ya kuufuta utumwa Unguja ilitoka mwaka 1897, tena masuria hawakuingia katika sheria ile mpaka mwaka 1909. Mtu angalisema mwaka 1874 ya kuwa hapana kilichotendeka, angalikuwa mwongo. Na mtu angalimwambia suria mwaka 1874 ya kuwa yote yamekwisha, angalikuwa mwongo zaidi. Ndivyo ilivyo hukumu ya Mungu na ukombozi wake. Vimekwisha kuanza, navyo vyaonekana, lakini havijakamilika.

Sasa neno kwa waalimu wenzangu, maana ninyi ndio mtakaoulizwa njiani.

Mfundishapo sura ya ishirini na nne ya Mathayo, fundisheni pamoja na habari za Yerusalemu, na sura ya ishirini na moja ya Luka iwe kando yake, ili watu wajue ya kuwa neno la Bwana huaminika. Aliyelitimiza neno lake juu ya mawe atalitimiza na juu ya wafu. Lakini msilitumie anguko la mji ule kuwadharau Wayahudi. Bwana wetu alipouona mji aliulilia. Mwalimu asimuliaye habari zile kwa furaha si mwanafunzi wake.

Msitaje tarehe, wala msiseme labda mwaka huu. Neno labda kinywani mwa mwalimu, masikioni mwa mjane ni hakika.

Msiwaite wapagani wale wasemao ya kuwa mengi yametimia. Keti nao, msome pamoja. Lakini mtu akisema hapana ufufuo ungojwao, mjibuni kwa upole na kwa nguvu. Yule mwalimu kijana na mimi twasoma pamoja kila Alhamisi tangu siku ile ya mazishi. Hatujakubaliana katika kila jambo. Lakini juu ya Wakorintho, sura ya kumi na tano, tumekubaliana, naye mwenyewe alikwenda kwa mama yule, akamjibu swali lake. Sikuwapo, wala sikuuliza alimwambia nini. Nalimwona mama tu Jumapili iliyofuata, ameketi mahali pake pa siku zote.

Na mwisho, pandeni. Mtume aliwaandikia Wathesalonike waliofadhaika wakidhani siku ya Bwana imekwisha kuja, na katika waraka ule ule akawaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe. Aliona ya kuwa asiyejua kungoja huacha kulima. Mtumwa mwema hakutwi akilitazama wingu. Hukutwa akiwapa wenzake posho kwa saa yake.

Leo twaadhimisha Jubili. Katika Sheria ya Musa mwaka wa Jubili ulikuwa mwaka wa kurudi: mtumwa arudi kwa jamaa yake, na shamba lirudi kwa mwenyewe. Wazee waliotuletea Injili hapa walikufa wakingoja, na wengi wao wamelala nyuma ya ukuta huu. Hawakuahidiwa siku, nao walichimba visima, wakajenga shule, wakapanda ile miembe mnayoketi chini yake. Hatusemi ya kuwa walingoja bure.

Mama yule niliyemtaja ameleta sadaka yake leo asubuhi: debe moja la mahindi, la shamba lake mwenyewe. Amelipanda kwa jembe jipya. Nami nikilitazama debe lile penye hatua za altare, nalimwomba Mungu anisamehe, nikamshukuru.

Bwana Yesu, aliyekuja, na ajaye, atukute kazini. Amina.